Yape Maumivu Namba Kabla ya Kutoa Dawa

Mwongozo kwa wauguzi wa Nachingwea na Ruangwa wanaohudumia wagonjwa wanaosafishwa damu

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila kikao. Jumla ni saa 12. Wiki ina saa 168, kwa hiyo saa 156 zilizobaki yuko nyumbani, shambani au barabarani. Kwa wengi wa Nachingwea na Ruangwa barabara hiyo si fupi, maana mashine ziko katika hospitali za rufaa. Wa Ruangwa anaposhuka hadi Nanganga amekwisha kwenda kilometa 53, na hapo ndipo anapoikuta barabara ya kwenda Lindi au Masasi. Wa Nachingwea akifika Masasi, bado ana takriban kilometa 200 hadi Mtwara mjini. Maana yake ni kwamba maumivu yake mengi hayatamkuta mbele ya muuguzi wa mashine. Yatamkuta kwake usiku, na asubuhi yataletwa kwako wewe wa hospitali ya wilaya au zahanati, au yatapelekwa kwa muuzaji wa duka la dawa. Ndiyo sababu mwongozo huu unasema na wauguzi wawili kwa pamoja, yule anayewasha mashine na yule anayempokea mgonjwa siku za katikati. Ninachodai ni kitu kimoja: maumivu yapimwe na kuandikwa kila mgonjwa anapoonekana, kama presha inavyopimwa na kuandikwa. Yasipopimwa yatatibiwa kwa kubahatisha, na mwili usio na figo hausamehe dawa ya kubahatisha.

Kwa nini swali litangulie dawa

Mwaka 2003 daktari wa figo Sara Davison wa Kanada alichapisha matokeo ya kuwahoji wagonjwa 205 waliokuwa wakisafishwa damu. Nusu yao walisema wana tatizo la maumivu. Miongoni mwa hao, zaidi ya wanne katika kila watano waliyataja kuwa ya wastani au makali, na karibu robo tatu hawakuwa wakipata tiba ya kuwatosha. Kanada si nchi yenye uhaba wa dawa za maumivu. Kwa hiyo pengo lile haliwezi kuelezwa kwa rafu tupu za bohari peke yake, ingawa kwetu rafu tupu zipo na zina sehemu yake. Sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba fomu ya kikao ina nafasi ya uzito, presha, mapigo ya moyo, kasi ya damu na maji yaliyovutwa, lakini haina nafasi ya maumivu. Kisicho na nafasi kwenye fomu huulizwa siku muuguzi akikumbuka, na muuguzi mwenye wagonjwa wanne kwenye mashine nne hakumbuki kila siku.

Mgonjwa naye hatakusaidia kwa kulalamika. Katika wilaya hizi watu wengi wamepita jando na unyago, na moja ya mambo yanayofundishwa humo ni kustahimili bila kulia. Mzee aliyefundishwa hivyo akiwa kijana hatapiga kelele kwa sababu misuli ya mguu imemkaza saa ya tatu ya kikao. Atanyamaza, atauma meno, na mashine itaendelea kuonyesha kwamba kila kitu kiko sawa. Kuna pia hesabu nyingine kichwani mwake: akisema anaumwa, huenda kikao kikakatishwa, na nauli ya kufika pale alishailipa. Kwa hiyo usisubiri sura yake ikueleze. Muulize.

Wapo watakaosema hakuna muda. Jibu ni kwamba maswali yaliyomo humu hayazidi dakika mbili, na yanaulizwa wakati ule ule unapofunga mkanda wa presha. Kikao kinachokatizwa kwa sababu ya misuli kukaza kinakula muda mrefu kuliko huo. Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema kipimo cha sifuri hadi kumi ni cha wasomi, na bibi wa kijijini hawezi kuligawa tumbo lake katika vipande kumi. Hilo lina ukweli. Lakini Jumuiya ya Tiba Shufaa ya Afrika, yenye makao yake Kampala, imekuwa ikitumia kipimo cha mkono katika dodoso lake: ngumi ni sifuri, hakuna maumivu, kidole kimoja ni maumivu kidogo, vidole vyote vitano ni maumivu yasiyovumilika. Hakihitaji kusoma, na kinamfaa hata anayejieleza vizuri zaidi kwa Kimwera kuliko Kiswahili. Chagua kipimo kimoja na ushikamane nacho kwa mgonjwa huyo. Namba moja peke yake haikuelezi mengi. Ukiwa na namba tatu za wiki tatu unaanza kuona mwelekeo.

Hatua za kupima

1. Uliza kabla ya kuunganisha mashine, na usiulize kwa neno «maumivu» peke yake. Wengi hujibu «sina maumivu, ila miguu inanisumbua». Sema hivi: «Shikamoo babu. Tangu ulipotoka hapa juzi, kuna mahali pamekuuma, pamewaka au kukusumbua?»
2. Mwache aonyeshe kwa kidole. Pakiwa zaidi ya mahali pamoja, kila mahali papewe namba yake.
3. Mpe kipimo cha mkono, uandike namba.
4. Uliza saa. Yanaanza kabla ya mashine, katikati, mwishoni, njiani akirudi, au usiku? Kwa mgonjwa huyu saa ndiyo inayotaja chanzo mara nyingi kuliko mahali.
5. Tazama na uguse: joto la mwili, presha, mkono wenye fistula, yaani mshipa ulioungwa kwa ajili ya mashine (bado unatetema chini ya vidole? umepoa? umepauka?), mlango wa katheta, nyayo, na ngozi ya mapaja na tumbo.
6. Uliza amekunywa nini, vidonge vya dukani na mitishamba pia, bila kukunja uso. Mwambie kikao kijacho aje na maganda ya vidonge.
7. Chukua hatua, andika, kisha uliza tena: baada ya dakika 30 kwa dawa ya mshipa, saa moja kwa kidonge.

Hatua ya saba ndiyo inayorukwa kuliko zote. Dawa ikishatolewa huhesabiwa kuwa imefanya kazi. Kumbe bila namba ya pili hujui kama umetibu au umetoa kidonge tu.

Maumivu yanayoletwa na kikao chenyewe

Sehemu kubwa ya maumivu ya kwenye kiti haihitaji kidonge chochote. Chukua misuli kukaza, ambayo ndiyo kero ya kawaida ya saa za mwisho. Chanzo chake mara nyingi ni maji kuvutwa haraka kuliko damu inavyoweza kuyafidia kutoka mwilini. Wataalamu wengi wanashauri kiasi kisizidi mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Piga hesabu: mgonjwa wa kilo 60 aliyekuja na lita 3 za ziada, kwa saa nne, anavutwa mililita 750 kwa saa, yaani 12.5 kwa kilo. Yumo ndani ya mpaka. Akija na lita 4 inakuwa karibu 16.7, na hapo misuli kukaza si bahati mbaya, ni jambo la kutarajiwa. Inapotokea, punguza au simamisha uvutaji wa maji, pima presha, nyoosha mguu kwa kuvuta vidole vya mguu kuelekea gotini, na toa chumvi ya mshipani kwa kiasi ambacho mwongozo wa kitengo chako unaruhusu. Ikijirudia vikao viwili au vitatu, mwombe daktari aupime upya uzito mkavu wa mgonjwa, yaani uzito wake bila maji ya ziada, maana huenda amenenepa na mashine inaendelea kumvuta kuelekea uzito wa zamani. Zungumza pia juu ya chumvi. Mgonjwa anayekula dagaa na samaki wakavu wa chumvi atakunywa maji hata akikatazwa, kwa sababu kiu haitii amri. Ukikataza maji ukaiacha chumvi, umemtesa bure.

Sindano za fistula ni nene, na mgonjwa wa vikao vitatu huchomwa mara sita kwa wiki, zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Kumwambia «vumilia kidogo» mara 300 si uuguzi. Lignokaini ya kupaka inafanya kazi ikipewa muda wake, kwa kawaida dakika 45 hadi saa moja, kwa hiyo aipake kabla hajaingia chumbani. Isipokuwepo, barafu husaidia baadhi ya watu. Kubwa zaidi ni kuhamisha mahali pa kuchoma, ukipanda mshipa hatua kwa hatua. Kuchoma palepale kila siku kwa kuwa pamekufa ganzi kunamfurahisha mgonjwa leo, kisha mshipa unavimba na kudhoofika. Maumivu ya kichwa nayo yaangalie kwa jicho la presha, na kwa anayeanza vikao vyake vya kwanza kumbuka kwamba damu ikisafishwa haraka mno ubongo huvimba. Wa namna hiyo husafishwa taratibu na kwa saa chache.

| SIMAMISHA, ITA DAKTARI: haya hayatulizwi kwa dawa ya maumivu |
|---|
| Maumivu ya kifua au mgongo ya ghafla mara tu baada ya kuanza, hasa yakiwa na kubanwa pumzi, kuwashwa au kutetemeka: fikiria mzio wa kichujio. Bana mirija, usimrudishie damu. |
| Damu ndani ya mirija imekuwa na rangi ya juisi ya choya, na mgonjwa analalamika kifua, mgongo au tumbo: chembe za damu zinapasuka. Zima pampu, usirudishe damu. |
| Hewa imeingia, anakohoa na kubanwa kifua: bana mirija, zima pampu, mlaze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini, mpe oksijeni. |
| Mkono wenye fistula unauma, umepoa na kupauka, na unazidi akiwa kwenye mashine: damu haifiki vidoleni. |
| Homa au kutetemeka kwa mwenye katheta. Maumivu mapya ya mgongo pamoja na homa ni maambukizi ya uti wa mgongo mpaka ithibitike vingine. |
| Madoa magumu ya zambarau au meusi yenye maumivu makali kwenye paja, tumbo au titi. |

Siku za katikati

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea, na hayatokei kwa ubaya wa mtu. Mgonjwa ameshuka kwenye gari usiku, mgongo unamuuma kwa saa nyingi za kukaa, goti limevimba. Anakwenda anakokwenda kila mtu. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia mkoa jirani wa Ruvuma mwaka 2003, na umewasogezea watu dawa karibu, jambo jema bila shaka. Lakini dawa ya maumivu inayotoka haraka kaunta ni diklofenaki au ibuprofeni. Kwa mtu mwenye figo zinazofanya kazi, siku mbili tatu za dawa hizo huwa hazina kisa. Kwa huyu zinaweza kumaliza mkojo mdogo aliobaki nao, zikapandisha presha na kiwango cha potasiamu ambacho kinaweza kusimamisha moyo, na kumfanya atoke damu tumboni, ilhali mwili wake tayari ni mwepesi wa kutoka damu. Kuna hila nyingine: Diclopar ina diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Anayekunywa hiyo na Panadol juu yake anajirundikia parasetamoli bila kujua, huku akiamini kwamba amekunywa «dawa ya kawaida tu».

Hospitalini hatari hiyo hiyo huja kwa sindano. Kuchoma diklofenaki ya takoni ni mazoea ya zamu nyingi. Mgonjwa aliyetoka kwenye mashine saa chache zilizopita bado anaweza kuwa na heparini katika damu yake, ile inayozuia damu isigande ndani ya mirija. Sindano ya msuli inaweza kuacha donge kubwa la damu takoni, na dawa yenyewe haimfai. Na kama daktari ameagiza dawa ya mshipa, usiguse mkono wenye fistula. Usiufunge mkanda wa presha, usiutoe damu, usiuweke kanula. Tumia mkono wa pili, na kwanza mishipa ya mgongo wa kiganja, maana ile ya juu huenda ikahitajika siku fistula hii itakapokufa. Mpotezee huyu fistula yake kwa sababu ya sindano ya goti, na umempa maumivu mapya ya katheta shingoni kwa miezi.

Pethidini pia iache. Mabaki yake hujikusanya kwa asiye na figo na kuleta degedege. Kodeini na mofini zina tatizo la namna hiyo hiyo: mabaki ya mofini hubaki mwilini, mgonjwa anasinzia, misuli inarukaruka, pumzi inapungua, na kikao kijacho ni keshokutwa.

Basi kinabaki nini?

Kinabaki zaidi ya watu wanavyodhani, ilimradi dozi ziwe ndogo na daktari aziidhinishe. Parasetamoli ndiyo ya kwanza: gramu 1 kila baada ya saa 8, isizidi gramu 3 kwa siku, na pungufu ya hapo kwa mwenye mwili mdogo au ini bovu. Itoe kwa saa zake, usisubiri mpaka mgonjwa aombe. Kwa nyayo zinazowaka moto, hasa kwa wenye kisukari, parasetamoli haifui dafu. Hapo kuna amitriptilini usiku, kuanzia nusu ya kidonge cha miligramu 25, ukiwa macho kwa moyo na kuanguka anaposimama, au gabapentini miligramu 100 baada ya kila kikao. Mashine huiondoa gabapentini, ndiyo maana hutolewa baada na si kabla. Siku asizosafishwa hakuna cha kuiondoa, kwa hiyo mgonjwa akikosa kikao dozi isiendelee kama kawaida. Msimu wa mvua barabara ikikatika, au kabla fedha za korosho hazijalipwa na nauli haipo, vikao hukosekana. Mfundishe mapema: hakuna kikao, hakuna gabapentini mpaka aulize.

Maumivu yakibaki makali, tramadoli miligramu 50 kila baada ya saa 12 inaweza kutumika kwa uangalifu. Isitolewe kwa mwenye historia ya degedege, na uwe mwangalifu akiwa tayari anatumia amitriptilini. Juu ya hapo kuna fentanili ya kubandika, inayowafaa zaidi watu hawa kuliko mofini, lakini hiyo ni kazi ya hospitali ya rufaa. Hofu ya uraibu husikika sana hapa, na si ya kupuuzwa, kwani tramadoli imekuwa janga mitaani sehemu nyingi za Afrika. Dawa ya hofu hiyo ni ile ile namba ya kidoleni: dawa nzito isiyoshusha namba baada ya wiki moja isiongezwe kimazoea, ijadiliwe upya au iachishwe.

Pingamizi la mwisho ni la madaraka. Muuguzi, wanasema, haandiki dawa kali, basi maumivu makali si yake. Tazama Uganda. Hospice Africa Uganda ilianzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi hiyo iliwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo ya tiba shufaa kuandika mofini ya kunywa. Walifikia hapo kwa sababu ilionekana wazi kwamba muuguzi ndiye aliyekuwa karibu na mgonjwa, na daktari alikuwa mbali. Tanzania si Uganda, na sheria ya hapa ifuatwe. Lakini hata bila ruhusa ya kuandika, kuvuta maji polepole, kuhamisha sindano, kukataa diklofenaki, kutambua mkono uliopoa na kumpigia daktari ukiwa na namba tatu mkononi ni kazi yako tayari. Daktari anayepigiwa na kuambiwa «mgonjwa analalamika» atasema mpe Panadol. Anayeambiwa «nyayo zote mbili, vidole vinne, kila usiku kwa wiki mbili, parasetamoli haikushusha» ana jambo la kuamua.

Karatasi inayosafiri

Kati ya Mtwara au Lindi na wilaya zenu hakuna faili moja linalotembea, kwa hiyo mgonjwa awe na daftari lake la mfukoni. Kila anapoonekana liandikwe:

☐ Tarehe, na kama ni siku ya kikao
☐ Mahali panapouma, namba, saa yanapoanza
☐ Mkono wa fistula (kulia au kushoto) na maneno haya kwa herufi kubwa: MKONO HUU USICHOMWE
☐ Dawa alizokunywa, na mwenye kumpa
☐ Ulichofanya, na namba ya pili
☐ DIKLOFENAKI, IBUPROFENI, PETHIDINI: HAPANA

Mweleze pia ndugu anayemsindikiza, maana ndiye atakayetumwa dukani usiku. Alionyeshe daftari kaunta kabla ya kutaja ugonjwa. Wewe wa wilayani, andika hata kama unadhani muuguzi wa mashine hatasoma. Na wewe wa mashine, lifungue daftari hilo kwanza, kabla hujashika sindano.